Takwimu pekee hazitoshi kupima afya ya programu huria

MNAMO Machi 29, 2024, Andres Freund, mhandisi wa kampuni ya Microsoft ambaye pia ni miongoni mwa watunzi wa hifadhidata ya PostgreSQL, alitangaza jambo lililowashtua wataalamu wa usalama wa tarakilishi kote duniani. Alikuwa amegundua kwamba kuingia katika tarakilishi aliyokuwa akiifanyia majaribio kulichukua takriban nusu sekunde zaidi ya kawaida. Badala ya kulipuuza jambo hilo, alilifuatilia hadi akafikia chimbuko lake: mlango wa siri uliokuwa umepachikwa ndani ya XZ Utils, programu ndogo ya kubana data inayotumiwa na mifumo mingi ya Linux.

Lau mlango huo ungalifika katika matoleo ya Linux yanayotegemewa na mabenki, hospitali na serikali, aliyeuweka angaliweza kuziamrisha tarakilishi hizo kutoka mbali bila wenyewe kujua. Kwa bahati njema, uligunduliwa ukiwa umefika hasa katika matoleo ya majaribio.

Mengi yamekwisha kusemwa kuhusu mlango wenyewe. Linalostahili kuchunguzwa zaidi ni namna ulivyopata nafasi ya kuingia.

Programu huria ni zile ambazo msimbo wake, yaani maagizo yanayoielekeza tarakilishi, umewekwa wazi ili yeyote aweze kuusoma, kuutumia, kuurekebisha na kuusambaza. Nyingi hutungwa na kutunzwa na watu walio katika nchi mbalimbali, baadhi yao wakiwa hawajawahi kuonana ana kwa ana. XZ Utils ilikuwa ikilelewa kwa miaka mingi na mtu mmoja, Lasse Collin wa Ufini, kwa wakati wake mwenyewe na bila mshahara.

Mnamo 2021 alijitokeza mtu aliyejiita Jia Tan. Alianza kwa kutuma marekebisho madogo madogo yasiyokuwa na kasoro ya kutiliwa shaka. Mwaka uliofuata, majina mengine yasiyojulikana yalianza kumlalamikia Collin hadharani kwamba kazi inakwenda pole mno, yakimshinikiza akabidhi sehemu ya ulezi kwa mtu mwingine. Collin alijibu kwamba uwezo wake ulikuwa umepungua kutokana na matatizo ya afya ya akili ya muda mrefu, na akawakumbusha kuwa hiyo ilikuwa kazi ya kujitolea.

Hatimaye Jia Tan alipewa mamlaka ya kutoa matoleo mapya. Walalamishi wale wakatoweka. Mlango wa siri ukapachikwa katika matoleo mawili, 5.6.0 na 5.6.1, yaliyotolewa Februari na Machi 2024.

Sasa tuulize: lau mtaalamu angaliupima mradi huo mwaka 2023 kwa kutumia takwimu pekee, angaliona nini? Angaliona walezi wawili mahali palipokuwa na mmoja. Angaliona marekebisho yakiingizwa kwa kasi kuliko awali. Yamkini angaliandika katika ripoti yake kwamba mgonjwa amepata nafuu, ilhali huo ndio wakati ambapo sumu ilikuwa ikiandaliwa.

Kisa hiki hakina maana kwamba vipimo ni bure. Kinatufundisha kwamba kazi ya kipimo ni kutuonyesha mahali pa kuuliza maswali. Anayekichukua kipimo kuwa ndilo jibu hujiweka hatarini, na hatari hiyo inatugusa hata sisi hapa Kenya, kama tutakavyoona.

Vipimo vilivyopo

Juhudi za kupima afya ya jamii za watunzi wa programu huria zilipata mwelekeo mpya mwaka 2017, wakfu wa Linux Foundation ulipozindua mradi uitwao CHAOSS. Mradi huo, ambao una tawi lake la Afrika, huwaleta pamoja watafiti wa vyuo vikuu, wahandisi wa makampuni na wanajamii ili wakubaliane juu ya mambo yanayofaa kupimwa na namna ya kuyapima.

Kwa anayeanza, CHAOSS hupendekeza vipimo vinne. Cha kwanza ni muda anaosubiri mtu aliyeleta hoja au rekebisho kabla ya kupata jibu la kwanza. Cha pili ni uwiano kati ya marekebisho yanayoletwa na yale yanayoshughulikiwa hadi kufungwa. Pengo likizidi kupanuka, huenda walezi wamelemewa. Cha tatu ni mara ngapi matoleo mapya hutolewa, hususan yale ya kuziba nyufa za usalama.

Cha nne ndicho kinachotajwa zaidi. Zamani wahandisi walikiita kigezo cha basi, kwa kuuliza ni watu wangapi wakigongwa na basi ndipo mradi ukwame. CHAOSS imekipa jina la staha zaidi, kigezo cha kutokuwepo kwa mchangiaji, na hukihesabu kwa kutafuta idadi ndogo kabisa ya watu ambao kwa pamoja wamefanya nusu ya kazi yote. Mradi wenye wachangiaji 200 unaweza kuonekana imara kumbe nusu ya kazi imefanywa na watu wawili tu.

Msomaji asidhani kwamba hili ni jambo la wahandisi peke yao. Katika chumba kimoja cha habari nilikowahi kuhudumu, mzee mmoja tu ndiye aliyejua kikamilifu jinsi ya kurekebisha mtambo wa kupanga kurasa ulipogoma. Usiku aliokuwa matangani, toleo la kwanza lilichelewa kwa saa kadhaa huku sisi wengine tukitazamana. Kwenye orodha ya mishahara tulikuwa wengi; kwa kigezo hiki tulikuwa mmoja.

Kipo pia kigezo cha ndovu, ambacho hufanya hesabu hiyo hiyo kwa mashirika badala ya watu binafsi: ni makampuni au taasisi ngapi zinazofanya nusu ya kazi? Iwapo jibu ni moja, basi siku ndovu huyo atakapobadili njia, mradi mzima utayumba.

Kipimo kinapogeuzwa shabaha

Mnamo 1975 mwanauchumi Mwingereza, Charles Goodhart, alitoa hoja kuhusu sera za fedha ambayo sasa hunukuliwa katika kila fani inayohusiana na takwimu. Kwa ufupi, kipimo kikishageuzwa kuwa lengo, hupoteza uaminifu wake kama kipimo, kwa kuwa watu huanza kukihudumia chenyewe na kusahau kile kilichokusudiwa kupimwa.

Wakenya hawahitaji kuelezwa zaidi. Ndiyo sababu mojawapo iliyoifanya Wizara ya Elimu mwaka 2014 kufuta utaratibu wa kuorodhesha shule kwa matokeo ya mitihani ya kitaifa. Wastani wa alama ulikuwa umekusudiwa kuonyesha ubora wa mafunzo, lakini baadhi ya shule ziligundua kwamba njia nyepesi ya kuuinua ni kuwasajili wanafunzi wanyonge kwingineko.

Katika ulimwengu wa programu huria, mfano ulio wazi ni ule wa Oktoba 2020. Kampuni ya DigitalOcean ilikuwa na desturi ya kuendesha kampeni iitwayo Hacktoberfest kila mwezi huo, ambapo aliyewasilisha marekebisho manne kwa miradi huria aliweza kutuzwa fulana. Nia ilikuwa njema: kuwavuta wageni waanze kuchangia. Hata hivyo, mwaka huo walezi wa miradi walijikuta wamefurikiwa na marekebisho yasiyo na maana. Huyu ameongeza neno moja la sifa katika maelezo ya mradi, yule amebadilisha nukta. Siku chache tu baada ya Oktoba kuanza, waandalizi walilazimika kubadilisha kanuni ili kampeni ihusu tu miradi iliyokubali kushiriki.

Aliyetazama jedwali la wiki hiyo angaliona ongezeko la kupigiwa mfano la wachangiaji wapya. Aliyewauliza walezi angalisikia kilio.

Vivyo hivyo kuhusu nyota ambazo watumiaji wa tovuti ya GitHub huipa miradi inayowapendeza. Kwa kuwa wawekezaji na waajiri huzitazama nyota hizo, pamezuka biashara ya kuziuza. Mnamo Desemba 2024 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani, walitoa makala ya utafiti yaliyokadiria kuwa nyota zipatazo milioni 4.5 katika tovuti hiyo zilishukiwa kuwa za bandia. Watafiti hao walieleza kwamba sehemu ya nyota hizo ilitumiwa kuipamba miradi iliyobeba programu hasidi.

Ukimya si ugonjwa kila mara

Isitoshe, takwimu ile ile huweza kuwa na maana mbili zinazokinzana. Chukua mfano wa TeX, programu ya kupanga chapa za vitabu na majarida ya kisayansi iliyobuniwa na Profesa Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford mwishoni mwa miaka ya 1970. Knuth aliamua kitambo kwamba haitaongezewa mambo mapya. Husahihishwa makosa tu, kila baada ya miaka kadhaa. Kila inaposahihishwa, nambari ya toleo huongezewa tarakimu moja ili ikaribie thamani ya pai. Toleo la mwaka 2021 lilikuwa 3.141592653.

Mtambo wa takwimu ukiitazama TeX utapiga king'ora: mlezi mmoja, matoleo haba, miezi na miaka bila badiliko. Lakini programu hiyo haijafa. Imekamilika, na wanahisabati kote duniani wangali wakiitumia kila siku. Kwa upande mwingine, mradi unaopokea mamia ya mabadiliko kila wiki unaweza kuwa katika vurugu, kila mtu akibomoa alichojenga mwenzake.

Ndiposa hapana nambari moja inayoweza kuitwa nzuri au mbaya bila kuujua umri wa mradi, kazi yake, na ahadi ambayo walezi wake wamewapa watumiaji. Daktari hasemi kwamba mapigo 60 ya moyo kwa dakika ni mema au mabaya kabla ya kujua kama anayepimwa ni mwanariadha wa Iten au mtoto mchanga.

Wanaobeba mzigo

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo takwimu zimelifichua bila utata, nalo ni uchache wa wanaobeba mzigo. Utafiti uliochapishwa Januari 2024 na Shule ya Biashara ya Harvard ulikadiria kwamba makampuni yangelazimika kutumia dola trilioni 8.8 kuunda upya programu huria yanazozitumia, iwapo hazingekuwepo. Utafiti huo uliongeza kuwa zaidi ya asilimia 95 ya thamani hiyo imetokana na asilimia 5 tu ya watunzi.

Matokeo ya hali hiyo yalidhihirika Aprili 2014, ilipofichuliwa kasoro iliyopewa jina la Heartbleed katika OpenSSL, programu iliyokuwa ikilinda siri za mawasiliano katika sehemu kubwa ya intaneti. Kasoro hiyo ilikuwa imekaa ndani ya matoleo rasmi tangu 2012 bila kutambuliwa. Ilipoulizwa ni nani waliokuwa wakiilinda nyenzo hiyo muhimu, ilibainika kwamba mradi ulikuwa na mfanyakazi mmoja tu wa kudumu, na kwamba michango uliyopokea ilikuwa takriban dola 2,000 kwa mwaka.

Waswahili husema usione vyaelea, vimeundwa. Makampuni tajiri kupindukia yalikuwa yakielea juu ya kazi ya watu wachache bila kujua hata majina yao. Baada ya fedheha hiyo, mwezi uo huo wa Aprili, Linux Foundation ilianzisha mpango wa kukusanya fedha kutoka kwa makampuni hayo ili kuisaidia miradi ya aina hiyo. Ujerumani nayo ilianzisha mfuko wa umma mwaka 2022 wa kugharimia matunzo ya programu huria ambazo uchumi wake unazitegemea.

Kigezo cha kutokuwepo kwa mchangiaji kingeweza kutoa onyo kuhusu OpenSSL kabla ya 2014, na kuhusu XZ Utils kabla ya 2021. Tatizo ni kwamba kipimo hakitumi fedha wala hakimpumzishi mtu aliyechoka. Collin alisema waziwazi, mbele ya kila aliyetaka kusoma, kwamba hali yake si nzuri. Habari hiyo haikuhitaji jedwali. Ilihitaji mtu wa kuisoma na kumpelekea msaada wa kweli kabla ya msaidizi wa hila kupewa mamlaka.

Kenya imo ndani

Huenda baadhi ya wasomaji wakayaona haya kuwa mambo ya Ulaya na Marekani. La hasha. Kenya imekuwa sehemu ya historia hii kwa zaidi ya miaka 20.

Mnamo 2004 wataalamu wa Taasisi ya Regenstrief na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Moi mjini Eldoret, walikabiliwa na ongezeko kubwa la wagonjwa waliokuwa wakipokea matibabu ya virusi vya Ukimwi. Mfumo wa kumbukumbu waliokuwa nao haungeweza kuhimili idadi hiyo. Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa, ambao ulianza kutumika Eldoret mwaka 2006 na baadaye kuenea katika mataifa mengi. KenyaEMR, mfumo unaotumiwa katika mamia ya vituo vya afya nchini, hasa kwa wagonjwa wa virusi vya Ukimwi, umejengwa juu ya msingi huo.

Aidha, takwimu za afya kutoka kaunti zote hukusanywa kupitia DHIS2, mfumo huria unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, ambao Kenya iliusambaza nchini kote mwaka 2011.

Kwa hivyo, karani anayetafuta faili ya mgonjwa katika zahanati ya mashambani anategemea kazi ya watunzi ambao hatawahi kuwaona. Afya ya jamii hizo ni sehemu ya afya yake.

Hapa ndipo kigezo cha ndovu kinapopata uzito. Kwa miaka mingi, sehemu kubwa ya kazi ya mifumo ya kumbukumbu za virusi vya Ukimwi nchini imegharimiwa na misaada ya Marekani. Januari 2025 serikali ya nchi hiyo ilisimamisha misaada ya nje, na kufikia Julai 1 mwaka huo shirika la USAID likawa limekoma kuendesha miradi hiyo. Wahudumu wengi wa afya nchini waliokuwa wakilipwa kwa fedha hizo walipoteza kazi. Msimbo haukutoweka, kwani hiyo ndiyo faida ya programu huria: aliyenao hanyang'anywi. Lakini msimbo usio na fundi wa kuutunza ni kama trekta lililoachwa shambani bila dereva wala vipuri.

Katika hali kama hiyo, hesabu ya wachangiaji pekee ingetupotosha. Orodha inaweza kuwa na majina mengi kutoka taasisi nyingi, huku mishahara yote ikitoka mfuko mmoja. Anayepima lazima aulize pia ni nani anayelipa, na kwa muda gani.

La kufanya

Tunapendekeza mambo matatu kwa serikali kuu, kaunti na taasisi zinazozitumia programu hizi.

Kwanza, kabla ya kuuchagua mfumo wowote huria, itafutwe ripoti ya vipimo vyake: muda wa kujibu, uwiano wa marekebisho yanayofungwa, kasi ya kuziba nyufa za usalama, pamoja na vigezo vya mchangiaji na vya ndovu. Vipimo hivyo visomwe kwa kipindi cha miaka kadhaa, kwa kuwa takwimu za mwezi mmoja ni rahisi kupambwa. Zana za kuvikokotoa zipo na ni huria vilevile.

Pili, kila nambari inayoshangaza, iwe kwa uzuri au kwa ubaya, iwe sababu ya kuwatafuta watu wanaohusika na kuzungumza nao. Mlezi aulizwe ana msaidizi gani, amemjua vipi, anapumzika lini, na nani atashika usukani akiugua. Mchangiaji aliyeacha aulizwe kwa nini aliacha. Majibu hayo hayamo katika jedwali lolote.

Tatu, vipimo hivi visitumiwe kamwe kugawa tuzo, vyeo wala fedha kwa kufuata nambari moja. Siku wizara itakapotangaza kwamba mradi wenye wachangiaji wengi ndio utakaopewa fedha, wachangiaji wa bandia watachipuka kama uyoga baada ya mvua.

Fauka ya hayo, Kenya ina vijana wengi waliohitimu katika sayansi ya tarakilishi. Kuwalipa baadhi yao ili wachangie moja kwa moja katika OpenMRS na DHIS2 kungepunguza utegemezi wetu kwa mfadhili mmoja, na kungetupa sauti katika maamuzi ya mifumo inayobeba siri za wagonjwa wetu. Bajeti za mifumo ya tarakilishi hujaa fedha za kununua na kuzindua. Wabunge watakapoletewa makadirio ya sekta ya afya, waulize kifungu cha kutunza kilichokwisha kununuliwa kiko ukurasa gani, na ni nani hasa atakayelipwa kwa kazi hiyo.